Nyumba Moja, Magari Mangapi? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Uamuzi wa kuongeza gari nyumbani mara nyingi huzaliwa asubuhi mbaya. Mume anatakiwa kazini saa mbili, mke ana miadi hospitalini saa hiyo hiyo, tena upande mwingine kabisa, na gari ni moja. Mmoja anachelewa, maneno makali yanatoka, na jioni yake shauri limeshapita: linunuliwe jingine. Asubuhi moja imeamua matumizi ya miaka kumi. Kupunguza nako huwa hivyo hivyo. Fundi ameleta hesabu kubwa, mwenye gari amekasirika, gari limeuzwa kwa bei ya kutupa, na baada ya miezi miwili familia nzima inahangaika njiani.

Kati ya hasira hizo mbili kuna maneno yaliyorudiwa hadi yakaonekana kweli. Nimeyasikia kwa ndugu na kwa majirani, na mojawapo niliishi nalo miaka mingi: kwamba gari letu la tatu, lililosimama nyuma ya nyumba, lilikuwa halitugharimu kitu.

Dhana: Kila mwenye leseni anahitaji gari lake

Leseni inathibitisha kwamba mtu anajua kuendesha. Haisemi anakwenda wapi, saa ngapi, wala kama angeweza kufika kwa basi. Nyumba yenye watu wanne wenye leseni, wawili wakipanda basi na mmoja akifanyia kazi nyumbani, yaweza kutoshwa na gari moja. Nyumba ya watu wawili tu, wote wa zamu za usiku, kila mmoja na upande wake, mahali ambapo mabasi hayapiti baada ya giza, inahitaji mawili bila ubishi. Ukihesabu vichwa utakosea kote kuwili.

Cha kuhesabu ni migongano. Mgongano ni pale safari mbili zinapotaka gari kwa wakati mmoja, na hakuna kati ya hizo inayoweza kusogezwa mbele au nyuma, kuunganishwa na nyenzake, au kufanywa kwa njia nyingine.

Gari linaloendeshwa saa moja kwa siku linasimama saa 23, yaani karibu asilimia 96 ya siku nzima. Donald Shoup, profesa wa mipango miji katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyechunguza maegesho kwa miongo mingi, alikuwa akikumbusha kwamba gari la kawaida limeegeshwa takriban asilimia 95 ya maisha yake. Wengi wakisikia hivyo hukimbilia kusema kwamba basi gari moja linamtosha kila mtu. Sikubaliani nao. Saa hizo zote za kusimama hazimsaidii mtu ambaye safari yake inaangukia ndani ya ile saa moja gari likiwa nje. Lakini hesabu hiyo inatuonyesha pa kutazama: kwa kawaida nyumba haipungukiwi na gari, inapungukiwa na mpangilio wa saa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na safari ni vivyo hivyo. Kwa wiki nne, wiki za kawaida za kazi na shule wala si za likizo, andikeni kila safari ya gari: nani ametoka, saa ngapi, amerudi saa ngapi, amebeba nini au nani. Kisha wekeni alama kila mara mtu alipohitaji gari na magari yaliyopo, bila kulihesabu lile mnalofikiria kuliuza, yakawa yameshatoka. Mwisho wa mwezi chukueni alama hizo moja moja na kuziuliza maswali. Ingesogezwa nusu saa? Mmoja angeweza kumshusha mwenzake njiani? Kwa basi, kwa baiskeli, kwa miguu au kwa teksi ingewezekana bila mateso? Zinazobaki baada ya hapo ndizo hitaji la kweli. Sisi tulipofanya hivyo, gari la tatu lilikuwa na alama tatu kwa mwezi mzima, na mbili kati ya hizo zilikuwa safari za Jumamosi ambazo zingeweza kungoja hadi alasiri.

Dhana: Gari lililokwisha kulipiwa halina gharama, likae tu

Hii ndiyo niliyoiamini, na ndiyo iliyoshika mizizi kuliko zote, kwa sababu inafanana na ukweli. Gari halitembei, halinywi mafuta, kwa hiyo halili kitu.

Mwaka 2020 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha matokeo ya watafiti walioongozwa na Mark Andor, waliowauliza maelfu ya Wajerumani gari lao linawagharimu kiasi gani kwa mwezi. Kwa wastani watu walikadiria karibu nusu tu ya gharama halisi. Mafuta waliyakadiria vizuri kiasi, maana kila mtu hulipa kituoni na kuona namba zikikimbia. Walichopunja ni kushuka kwa thamani, matengenezo, kodi na bima. Gari linalosimama limepunguziwa gharama ile moja ambayo watu huiona, na kubakiziwa zile ambazo hawazioni.

Kisha kuna gharama za kukaa bure. Betri ya kawaida, ile ya risasi na asidi, hujiishia chaji polepole hata ikiachwa peke yake, na saa pamoja na king'ora cha gari huendelea kuinyonya. Ikikaa bila chaji kwa muda mrefu, salfeti hugandamana kwenye bamba zake na uwezo wake haurudi wote hata ukiichaji. Petroli huanza kuharibika baada ya miezi michache. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakishanyonya huchemka kwa joto dogo kuliko yanavyotakiwa. Ndiyo maana watengenezaji wengi hutaka yabadilishwe kwa muda, mara nyingi kila miaka miwili hivi, hata kama kilometa hazikuongezeka. Diski za breki hupata kutu. Panya hutafuna nyaya.

Matairi nayo huzeeka yakiwa yamesimama. Tazama ubavu wa tairi, utakuta tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanashauri tairi likaguliwe kwa makini kila mwaka likishatimiza miaka mitano, na likifika miaka kumi liondolewe hata kama kashata zake bado ni nzima. Gari letu la tatu lilikuwa na matairi ya kuvutia kwa macho. Nilipoinama kusoma tarakimu zile nikakuta yana miaka kumi na moja, na mwanangu alikuwa amelichukua mara kadhaa kwenda safari ndefu. Sijawahi kusahau hilo.

Wapo wanaodhani dawa ni kuliwasha dakika tano kila wiki. Kuwasha injini kunachota chaji nyingi kwa mpigo mmoja, na dakika chache za kunguruma mahali pamoja zaweza zisiirudishe. Injini pia haipati joto la kutosha kukausha unyevu unaojikusanya ndani ya oili na kwenye bomba la moshi, kwa hiyo ukiliwasha hivyo kila wiki unaongeza unyevu juu ya unyevu. Gari linataka kutembea barabarani, nusu saa hivi, hadi lipate moto sawasawa. Je, katika nyumba yenu kuna mtu mwenye nusu hiyo ya saa kila wiki kwa ajili ya gari ambalo hakuna anayelihitaji?

Dhana: Gari la pili linagawana tu safari za lile la kwanza

Haliwi hivyo. Gari likiwepo, safari hujizalisha. Kitu ambacho kingengoja kifuatwe kwa pamoja kesho kinafuatwa leo, na aliyekuwa akitembea dakika kumi kwa miguu anachukua ufunguo.

Mwaka 1989 Mexico City, ikipambana na hewa chafu, iliweka utaratibu uitwao Hoy No Circula: kila gari lisitembee siku moja ya kazi kwa wiki, kulingana na tarakimu ya mwisho ya namba yake. Baadhi ya kaya zilinunua gari la ziada, mara nyingi kuukuu, lenye namba ya kutembelea siku ile iliyozuiwa. Gunnar Eskeland na Tarhan Feyzioglu walipochambua takwimu, katika kazi iliyotoka mwaka 1997, walihitimisha kwamba kwa jumla uendeshaji uliongezeka badala ya kupungua. Gari lililonunuliwa kwa ajili ya siku moja lilitumika na siku nyingine pia. Kwa hiyo ukipiga hesabu ya gari la pili, usigawe mafuta yale yale kwa mbili. Ongeza.

Dhana: Lazima tuwe na la akiba, ikitokea dharura

Hofu hii naiheshimu. Mwenye mtoto mdogo au mzee mgonjwa ndani ya nyumba haoni raha kubaki bila chombo usiku. Lakini gari la akiba kwa kawaida ndilo kuukuu kuliko yote na lililokaa muda mrefu kuliko yote, yaani ndilo lenye nafasi kubwa ya kukataa kuwaka usiku huo. Usalama wa kweli wa dharura ni namba ya gari la wagonjwa iliyoandikwa mahali panapoonekana, jirani mwenye gari mliyekubaliana naye mapema, na lile gari moja linalotumika kila siku likiwa na mafuta ya kutosha na betri nzima.

Kwa akiba ya siku za kawaida, gari likiwa gereji au wageni wakija wengi, kuna hesabu fupi. Jumlisha gharama za mwaka za gari hilo bila mafuta, kisha ugawe kwa siku ambazo lilikuokoa kweli. Tuseme gharama hizo ni sawa na mshahara wako wa mwezi, siku 22 za kazi, na limekuokoa mara 11. Kila mara moja imekula siku mbili za kazi yako. Teksi au gari la kukodi la siku moja lingekula kiasi gani?

Wanaonunua gari kubwa la viti saba kwa sababu ya safari moja ya familia kwa mwaka wafanye hesabu hiyo hiyo.

Dhana: Nyumba yenye magari machache imeshindwa maisha

Uswisi si nchi ya watu walioshindwa, na ndiko Zurich ambako mwaka 1948 wakazi waliunda ushirika wa kumiliki magari kwa pamoja na kuyatumia kwa zamu. Singapore, tangu mwaka 1990, mtu hulazimika kupata kibali cha kushindania kwa mnada ili amiliki gari, na kibali hicho kinadumu miaka kumi. Japani ina sheria ya tangu mwaka 1962 inayomtaka mwenye gari awe na mahali pa kuliegesha, na sehemu kubwa ya nchi ushahidi wake hupelekwa polisi kabla gari halijasajiliwa.

Swali hilo la Wajapani, gari litalala wapi, ningependa kila familia ijiulize. Nafasi ya kuegesha gari moja, mita 2.5 kwa mita 5, ni mita za mraba 12 na nusu. Hicho ni chumba cha kulala.

Dhana: Kupunguza ni busara daima

Nimesema mengi dhidi ya magari ya ziada, na sitaki yageuzwe fimbo. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, na anarudi amechoka asiweze kusubiri basi kituoni. Fundi ambaye gari lake ndilo stoo ya vifaa vyake hawezi kuliachia likawapeleke watoto shule. Hao wakihitaji la pili, wanalihitaji.

Na kuna jambo zito zaidi. Nyumba yenye gari moja na mwenye ufunguo mmoja ni nyumba ya mtu mmoja mwenye gari na wengine wasio nalo. Safari ya kwenda kazini huitwa muhimu. Safari ya sokoni, kliniki, kwa mwalimu na kurudi, yenye vituo vitano, huitwa mizunguko, na mara nyingi anayeifanya ni mwanamke. Kabla ya kuuza gari la pili, semeni waziwazi nani atatangulia siku gani, na jina la anayebaki bila gari lisiwe lile lile kila wiki. Kama hamwezi kukubaliana hilo mezani, kuuza gari kutamwangukia mmoja wenu peke yake.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mpe ndugu au jirani mwaminifu ufunguo wa gari mnalofikiria kuliuza, akae nao mwezi mmoja, na muandike kila mara mlipotaka kuufuata. Mnaofikiria kununua, tumieni teksi au gari la kukodi katika kila mgongano kwa mwezi mzima, halafu linganisheni.

Sisi ufunguo wa gari la tatu ulikaa kwa dada yangu wiki tano, na hakuna aliyeuulizia. Tukaliuza. Miaka miwili baadaye watoto wakubwa wakahama, tukaona hata la pili sasa ni la ziada, na mnunuzi alikuwa amekwisha kuja kulitazama. Wiki hiyo mama akahamia kwetu na tarehe zake za hospitali. Tukalitoa daftari kabatini, tukaandika upya kuanzia ukurasa wa kwanza, na mnunuzi tukamwomba radhi.