Klachi inateleza? Usikimbilie kushusha gia boksi

Mlima wa kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini umeniletea wateja wengi kuliko tangazo lolote. Gari lenye klachi iliyochoka linaweza kuzunguka tambarare wiki nzima bila kujulikana. Likianza ule mlima na mzigo, siri inatoka: injini inapiga kelele, mshale wa resi unapanda, gari lenyewe linajivuta kama linasindikizwa.

Dereva akifika gereji husema, "Fundi, gari halina nguvu." Hapo mimi huuliza swali moja tu: mlimani resi zilikuwa zinashuka au zinapanda? Injini ikiwa dhaifu, resi hushuka pamoja na spidi. Klachi ikiteleza, resi hupanda na spidi inabaki palepale au inarudi nyuma. Jibu la swali hilo limewaokolea watu pesa za pampu na nozeli.

Kuna mkanganyiko wa pili, na huu hata mafundi wanao. Gia zikigoma kuingia, au rivasi ikilia krrr, watu husema "klachi imekwisha". Hapana. Hiyo ni klachi isiyoachia, ugonjwa wa upande wa pili kabisa. Inayoteleza haishiki, hii nyingine haiachii. Na dawa ya mmoja, ikizidishwa, inazaa mwingine. Nitalirudia hili chini kwenye habari ya Hilux ya nyanya.

Kulipima gari barabarani hakuhitaji kifaa chochote. Lipashe moto kwanza, maana klachi nyingi hushika vizuri asubuhi. Tafuta mlima usio na magari mengi, ingia gia ya nne kwenye spidi ya 50 hivi, kisha kanyaga mafuta yote. Ukiwa kwenye gia ndogo matairi hutii haraka, gari linachomoka na pleti, ile sahani ya klachi inayobanwa kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), haielemewi kwa muda. Kwenye gia kubwa injini inalazimika kuvuta kwa nguvu zake zote, na pleti ndiyo inayobeba. Ndiyo maana utelezi huanzia gia ya nne au ya tano, halafu ukiachwa unashuka hadi ya pili.

Kipimo cha handibreki nakitumia pale tu mlima haupo. Weka mawe mbele na nyuma ya matairi, asisimame mtu mbele, vuta handibreki, ingiza gia ya nne, pandisha resi hadi 2,000, achia pedali bila kusita. Klachi ikiwa nzima, injini inazima papo hapo. Ikiendelea kuunguruma, inateleza. Mara moja inatosha! Nimeona vijana wakirudia mara nne ili mteja aone moshi. Gari lilikuja na klachi ya miezi kadhaa, likaondoka halina.

Ukishajua kwamba inateleza, bado hujajua kwa nini. Hapa ndipo pesa za watu hupotea.

Anza kwenye pedali. Ibonyeze kwa kidole, si kwa mguu. Juu kabisa kuna mchezo, yaani nafasi ambayo pedali inashuka bila uzito wowote. Kwa magari mengi ya zamani ni kama milimita 10 hadi 25. Kwa gari ambalo klachi yake inavutwa kwa waya, mfano Suzuki Samurai, nafasi hiyo ndiyo uhai wa klachi. Pleti ikiliwa inakuwa nyembamba, presha, lile bamba linaloibana pleti, inasogea kuelekea flaiwili, na vidole vya springi yake vinarudi nyuma upande wa gia boksi. Vidole vinaisukuma beringi, ile inayovibonyeza ukikanyaga pedali, nayo beringi inavuta waya, mchezo unapungua siku hadi siku. Ukifika sifuri, ni kama dereva amekanyaga klachi kidogo muda wote. Nimewahi kuiponya Samurai moja kwa spana namba 10 na dakika tano: nililegeza nati ya waya, mchezo ukarudi, gari likapanda mlima. Nikamwambia mwenye gari ukweli, kwamba pleti imebakiza muda mfupi, aanze kuweka akiba.

Magari ambayo klachi yake inasukumwa na mafuta ya breki badala ya waya hayana huruma hiyo, kwa sababu yanajirekebisha yenyewe na hayakuonyeshi kitu kwenye pedali. Sasa ile Hilux. Ni ya 1994, injini ya 3L, ya mzee mmoja anayelima nyanya Ilula. Alikuwa amebadilishiwa pleti mara mbili mahali pengine ndani ya mwaka. Asubuhi inavuta matenga vizuri. Ikifika saa tano, jua likiwa kali na injini imechemka, inateleza. Ikipumzika, inapona.

"Mzee, pleti haijui saa," nilimwambia.

Nikaiendesha mpaka ikaanza kuteleza, nikaingia chini, nikafungua nusu mzunguko nipeli ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini, ile inayoisukuma klachi pale kwenye gia boksi. Mafuta ya breki yakaruka kwa presha hadi kwenye chesisi, ilhali hakuna aliyekanyaga pedali. Nikaifunga, tukapanda mlima: inashika! Kwa hiyo pleti haikuwa na kosa. Presha ilikuwa imefungiwa ndani ya mfumo. Ndani ya masta silinda, ile ya juu inayosukumwa na rodi ya pedali, kuna kitundu ambacho mafuta hupitia kurudi kwenye kikopo pistoni ikirudi mwisho. Kumbe siku za nyuma gia zilikuwa ngumu, mtu akairefusha rodi ya pedali ili klachi iachie vizuri. Pistoni ikawa hairudi mwisho, kitundu kikabaki kimezibwa, na mafuta yakipata joto yanatanuka, yanaisukuma beringi. Nilirudisha urefu wa rodi, basi. Dalili kama hiyo hutokea pia mtu akijaza oili ya injini badala ya mafuta ya breki, kwani mipira ya ndani huvimba.

Pedali na mafuta vikiwa sawa, chungulia chini, pale injini inapokutana na gia boksi. Kukiwa na oili inadondoka, inuse. Ya gia ni nzito na ina harufu kali ya kiberiti. Ya injini ni nyeusi na nyepesi. Ya kwanza inakuelekeza kwenye sili ya shafti ya gia boksi, ya pili kwenye sili ya nyuma ya injini. Pleti iliyolowa usiioshe kwa petroli, oili imeshaingia ndani ya bitana. Ibadilishe, na sili ibadilishwe siku hiyohiyo.

Ukishafungua, pima kutoka uso wa pleti hadi kichwa cha ribiti, misumari inayoshikilia bitana. Toyota wanataka isipungue milimita 0.3. Tazama flaiwili pia: madoa ya bluu na nyufa nyembamba ni alama za moto, ipeleke ikachongwe kwanza.

Mzee wa Ilula alikuwa amezitunza zile pleti mbili kwenye mfuko wa salfeti, nikazipima mbele yake. Ya kwanza ilikuwa na zaidi ya milimita moja juu ya ribiti. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama anaweza kuiuza.