Kabla ya kupiga kelele za mwizi: tunayoyaamini mtaani na ukweli wake

Usiku mmoja mtaani kwetu, hapa Dar es Salaam, mama mmoja alipiga yowe la mwizi. Haikupita hata dakika mbili, uchochoro ulikuwa umejaa watu, wengine na mapanga, mmoja na nondo. Aliyekamatwa alikuwa kijana mwenye begi, ameshuka basi la mkoani usiku, anatafuta nyumba ya dada yake, akagonga geti lisilo lake. Alishapigwa makofi kadhaa pale mzee mmoja wa kamati ya ulinzi alipojipenyeza katikati na kusema, "Jamani, kwanza tumuulize anamtafuta nani." Akamtaja dada yake. Dada akaamshwa, akaja mbio na khanga moja, analia.

Mimi nilikuwa mmoja wa waliotoka na fimbo. Tangu usiku ule nimekuwa nikiyapima maneno tunayoambiana kuhusu usalama, na mengi nimeyakuta hayana miguu.

"Mwizi akiuawa, mtaa unapumua"

Hii ndiyo dhana iliyotuharibu kuliko zote. Magazeti huandika kwamba mtu ameuawa na "wananchi wenye hasira kali", nasi tunasoma kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika tofali. Sheria haimtambui mtu anayeitwa mwananchi mwenye hasira kali. Inamtambua aliyepiga, aliyeleta tairi, aliyetoa kiberiti na aliyeshikilia miguu. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, watu wakiungana kwa nia moja kutenda kosa, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda, na adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kunyongwa hadi kufa. Hakuna punguzo kwa sababu mlikuwa hamsini.

Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa kama wizi. Hilo wengi hawalijui, wanadhani kukamata ni kazi ya polisi peke yao. Lakini ukishamkamata, sheria inakutaka umkabidhi polisi bila kuchelewa. Ruhusa inaishia hapo. Hakuna ruhusa ya kumfunga kwenye nguzo mpaka asubuhi, wala ya kumvua nguo.

Najua jibu linalokuja: "Polisi wanawaachia, kesho unamkuta kijiweni anakucheka." Uchungu huo ni wa kweli, nami nimeuonja. Lakini mara nyingi unayemkuta kijiweni hajaachiwa, yuko nje kwa dhamana, na kesi yake bado ipo. Wizi wa kawaida una dhamana, unyang'anyi wa kutumia silaha hauna. Na kesi nyingi za mtaani hufa mikononi mwetu wenyewe: shahidi anaitwa mahakamani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu anasema ana biashara ya kufungua. Aliyeona kwa macho yake asipokwenda kusema, hakimu atamfunga mtu kwa lipi?

Na mara ngapi tumekosea mtu? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikihesabu mamia ya watu wanaouawa kwa namna hii nchini kwa mwaka. Oktoba 1, 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian cha Arusha waliuawa pamoja na dereva wao, na gari lao likachomwa moto. Walikuwa wamekwenda kuchukua sampuli za udongo. Kelele zilizopigwa zilisema ni wanyonya damu.

"Imetumwa kwenye kundi la mtaa, kwa hiyo ni kweli"

Tunalaumu simu, lakini uvumi huu ni mkongwe kuliko simu. Bibi zetu waliogopa mumiani, watu waliosemekana kuvuna damu ya binadamu ili itengenezwe dawa. Wakati wa ukoloni, Nairobi na Kampala, watu waliwashuku hata askari wa zimamoto kwa jambo hilo. Mwaka 1959, hapa hapa Buguruni, hofu ya mumiani ilizua ghasia. Leo mumiani amebadilishiwa jina, amepewa gari jeusi lenye vioo vya giza na ujumbe unaoanza na "Wazazi kuweni makini".

Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka jioni ile ya mwanzoni mwa Januari 2015. Panya Road, makundi ya vijana waporaji, walikuwepo kweli, na waliumiza watu kweli. Lakini jioni ile habari zao zilikimbia kuliko wao wenyewe. Maduka yalifungwa mitaa ambayo hakuna aliyewaona, watu wakakimbia kwa sababu tu wenzao wanakimbia.

Siku hizi ujumbe wa namna hiyo ukinifikia, natafuta mambo matatu: mtaa gani, lini, na nani aliyeona mwenyewe. Ukikosa hata moja, nampigia mwenyekiti wa mtaa au polisi kata kabla sijautuma kwa mtu mwingine. Mara nyingi hakuna kitu. Sauti ya mtu anayelia kwenye rekodi si ushahidi wa mahali wala wa siku.

"Nikilipa hela ya ulinzi nimemaliza"

Ulinzi shirikishi haukuanza kama mchango. Sungusungu walianza miaka ya 1980 kwa Wasukuma na Wanyamwezi, wanaume wa kijiji wakitoka wenyewe kufuata ng'ombe walioibwa, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Sisi wa mjini tumegeuza jambo hilo kuwa vijana wanne wenye filimbi na virungu, kisha tunashangaa wanapochoka. Lipa, dai risiti, lakini pia washa taa ya nje na mjue jirani yako kwa jina. Na vijana hao hawana mamlaka ya kumpiga mtu wala kumtoza faini ya papo kwa papo. Wakifanya hivyo, pa kusemea ni kwenye mkutano wa mtaa, na huko ndiko tunakokosekana.

"Zimamoto huja wamechelewa na bila maji, heri tujizimie"

Namba ya zimamoto ni 114, na kupiga ni bure. Wengi wetu tunaanza na ndoo, tunapiga simu moto ukiwa umeshika dari, halafu tunahesabu dakika za kuchelewa. Piga kwanza. Gari huondoka na tangi lililojaa, lakini mpira mkubwa humaliza tangi hilo kwa dakika chache, na mtaani kwetu hakuna pa kujazia karibu. Halafu gari lenyewe linakutana na bajaji zilizoegeshwa njia nzima. Anayepiga simu ataje alama inayojulikana, msikiti au kituo cha daladala, na mtu mmoja asimame barabarani kulipokea.

Maji nayo si dawa ya kila moto. Mafuta ya kukaangia yakishika moto ukayamwagia maji, yanaruka na kukuunguza uso. Zima jiko ukiweza kulifikia, funika sufuria, usiibebe. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini na kujikusanya kwenye kona, ndiyo maana chumba kinaweza kuwa kimejaa hujui. Ukisikia harufu, funga valvu ya mtungi, fungua milango na madirisha, toa watoto nje. Swichi usiiguse kabisa, hata kwa kuzima, cheche moja inatosha. Kuangalia kama mpira unavuja, paka povu la sabuni uone kama linatoa mapovu. Kuna watu bado wanaangalia kwa kiberiti.

Na lori la mafuta likianguka, kimbia mbali nalo. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu walikwenda na madumu kuchota petroli, na waliokufa walipita mia moja. Mvuke wa petroli haungoji wewe uwashe moto. Boda boda ya jirani yako inatosha.

"Mtoto akipotea, polisi hawapokei mpaka saa 24 zipite"

Sijui ni nani aliyetuletea hili, ila nimemwona mzazi akikaa nyumbani na saa ukutani, akingoja itimie. Usingoje. Nenda kituoni saa ile ile, au piga 112. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, nayo ni bure. Beba picha ya karibuni, useme alivaa nini na alikuwa na nani. Mmoja abaki nyumbani, kwa sababu watoto wengi hurudi wenyewe, na akikuta mlango umefungwa ataondoka tena. Waombeni msikitini na kanisani watangaze kwa kipaza sauti, huwafikia watu ambao simu haiwafikii.

Akipatikana, tangazeni kwa nguvu ile ile kwamba amepatikana, na picha yake ifutwe. Mwaka jana nilitumiwa picha ya binti wa mtaa wa pili, "amepotea, tusaidiane". Nilimfahamu. Alishapatikana siku ile ile aliyopotea, na picha inanifikia yeye tayari yuko kidato cha pili.