Kingamwili zilizogeuzwa vimeng'enya, na mahali zilipokwama

Mfano wa kufuli na ufunguo alioutoa Emil Fischer mwaka 1894 bado ndio wa kwanza kufundishwa kwa mtu anayeanza kusoma vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mimenyuko ya kikemia. Unaeleza vizuri kwa nini kimeng'enya hukubali molekuli moja na kukataa nyingine inayofanana nayo. Lakini hauelezi kasi. Tena ukiufuata hadi mwisho, unaelekea kubaya: kimeng'enya kinachoikumbatia sabstreti yake (molekuli kinachoifanyia kazi) barabara kuliko kitu kingine chochote kingeituliza palepale ilipo, na molekuli iliyotulia haina haja ya kubadilika.

Aliyelinyoosha jambo hili ni Linus Pauling, katika miaka ya 1940. Kila mmenyuko hupanda kilima cha nishati kabla ya kushuka upande wa pili. Pale kileleni, molekuli si ile ya mwanzo na wala haijawa zao la mmenyuko. Vifungo vya zamani vimelegea, vipya ndiyo kwanza vinaanza kushikana. Tunaiita hali ya mpito, nayo hudumu kwa muda wa mtikisiko mmoja tu wa kifungo cha kikemia, yaani takriban sehemu moja ya trilioni kumi ya sekunde. Pauling alisema kimeng'enya kimeumbwa kulingana na hali hiyo, si kulingana na sabstreti. Kadiri kinavyoishika hali ya mpito kwa nguvu kuliko kinavyoishika sabstreti, ndivyo kilima kinavyopungua urefu.

Na vilima vyenyewe si vya kawaida. Radzicka na Wolfenden walichapisha mwaka 1995 vipimo vya mmenyuko mmoja unaohitajika katika kutengeneza vijenzi vya DNA na RNA, ule wa kuondoa kaboni dayoksaidi kwenye orotidini monofosfeti. Ukiachwa wenyewe ndani ya maji, nusu ya molekuli zingehitaji miaka milioni 78 kubadilika. Kimeng'enya chake hufanya kazi hiyo makumi ya mara kwa sekunde moja. Tofauti hiyo ni mara 10 kwa kipeo cha 17. Nimefanya kazi na mifumo ya vimeng'enya kwa muda mrefu, na namba hii bado inanisimamisha.

Sasa, wazo la Pauling linapimwaje? Hali ya mpito haikamatiki wala haiwekwi kwenye chupa. William Jencks alipendekeza njia mwaka 1969: ikiwa kushika hali ya mpito ndiko kunakoleta kasi, basi protini yoyote inayoishika vizuri itachochea mmenyuko, hata kama haikuumbwa kwa kazi hiyo. Na mwili una kiwanda cha protini za kushika vitu: mfumo wa kinga. Tengeneza molekuli tulivu inayoiga hali ya mpito, mpe mnyama, kisha uchunguze kingamwili atakazotoa.

Wakati ule haikuwezekana, kwa sababu damu ya mnyama aliyechanjwa ina mchanganyiko wa kingamwili zisizohesabika, na huwezi kujua ni ipi inayofanya nini. Mwaka 1975 Köhler na Milstein walionyesha jinsi ya kuunganisha seli B, seli ya kinga inayotoa kingamwili, na seli ya saratani ili kupata ukoo mmoja wa seli unaotoa kingamwili ya aina moja tu. Mwaka 1986 makundi mawili, la Richard Lerner kule taasisi ya Scripps na la Peter Schultz kule chuo kikuu cha Berkeley, yote California, yalitangaza matokeo kwa wakati mmoja: kingamwili zinazochochea mmenyuko.

Kemia yao inastahili kuangaliwa kwa utulivu. Walichagua kuvunja vifungo vya aina ya esta kwa maji. Kaboni iliyo katikati ya esta ina majirani watatu, wote wakiwa kwenye bapa moja. Maji yanapoishambulia, inapata jirani wa nne. Bapa linageuka kuwa umbo la pembe nne lenye ujazo, na oksijeni mojawapo inabeba chaji hasi. Hali ya mpito inafanana sana na umbo hilo. Ukiiweka fosforasi mahali pa kaboni unapata fosfoneti: majirani wanne, umbo lilelile, chaji hasi kwenye oksijeni zake, na vifungo virefu kidogo kama vile vilivyoanza kunyooka kuelekea kukatika. Tofauti ni kwamba fosfoneti haiendi popote. Ni tulivu kabisa. Kwa kuwa mfumo wa kinga hauitambui molekuli ndogo hivyo ikiwa peke yake, huunganishwa kwanza na protini kubwa. Kundi la Schultz lilianza hata na kingamwili iliyokwisha kujulikana, MOPC167, ambayo tayari ilikuwa inashika fosforilikolini, molekuli ndogo yenye fosforasi, wakaipa esta inayofaa umbo hilo, nayo ikaivunja.

Pauling alikuwa sahihi, basi. Ila ongezeko la kasi lililopatikana katika kazi nyingi za aina hii lilikuwa la mara maelfu, wakati mwingine mara makumi ya maelfu. Kwa mmenyuko wa korismeti, ambao nauona kuwa mtihani safi kwa sababu molekuli moja inajipanga upya bila kuhitaji asidi wala besi, kingamwili 1F7 iliongeza kasi mara 250 na nyingine takriban mara 10,000. Kimeng'enya cha asili kinazidi mara milioni moja.

Pengo hilo ndilo lililonivuta kwenye somo hili, kuliko hata mafanikio yenyewe. Sehemu yake inatokana na kiigizo: fosfoneti si hali ya mpito, inafanana nayo tu. Sehemu nyingine inatokana na zao la mmenyuko. Zao likifanana na kiigizo, kingamwili hulishika na kukataa kuliachia, kazi ikasimama. Kundi la Donald Hilvert lilipita hapo kwa ustadi mwaka 1989: walichagua mmenyuko wa Diels na Alder, unaounganisha molekuli mbili kuwa pete, ambao zao lake la kwanza hutoa salfa dayoksaidi mara moja na kubadilika umbo, hivyo halina tena mahali pa kung'ang'ania.

Lakini sababu kubwa, kwa maoni yangu, iko kwenye uchaguzi. Seli B ndani ya mnyama hushindana kwa kushika. Inayoshika kwa nguvu zaidi huzaliana, na ushindani huo hufifia nguvu ya kushika ikishatosha kwa kazi ya kinga. Hakuna hatua hata moja ambapo seli hutuzwa kwa kuwa kingamwili yake imeharakisha kitu. Muundo wa kingamwili 48G7, uliochapishwa mwaka 1997, unalionyesha hili hadi kwenye atomi: mabadiliko tisa ya asidi amino yaliongeza nguvu ya kushika hapteni (kile kiigizo kilichotumiwa kuchanja) karibu mara 30,000, na hakuna hata moja kati ya hayo tisa linaloigusa hapteni moja kwa moja. Yalikaza tundu likae katika umbo linalofaa. Ni kazi nzuri ya kushika, lakini hakuna histidini, asidi amino inayoweza kupokea protoni, iliyosogezwa mahali pa kuichukua.

Ndiyo maana naipenda sana kazi ya Wagner, Lerner na Barbas ya mwaka 1995. Badala ya kiigizo tulivu, walichanja kwa molekuli yenye ketoni mbili inayofunga kifungo halisi na laisini, mojawapo ya asidi amino za protini, ikiikuta katika mazingira yanayofaa. Kwa njia hiyo seli zilichaguliwa kwa kufanya kemia yenyewe. Kingamwili 38C2 na 33F12 zilizopatikana zina laisini iliyozama kati ya minyororo inayokwepa maji, ambako haiwezi kubeba chaji kwa urahisi, hivyo hubaki huru kushambulia ketoni kama zinavyofanya aldolesi, vimeng'enya vya asili vya aina hiyo. Nazo hupokea ketoni za aina nyingi.

Tahadhari moja inafaa hapa. Mwaka 1996 Hollfelder, Kirby na Tawfik walionyesha kwamba albumini ya damu, protini ambayo haikuchaguliwa kwa kazi hiyo hata kidogo, huchochea mmenyuko wa Kemp, ambamo protoni hung'olewa na pete ya molekuli kufunguka, kwa kiwango kinachokaribiana na kingamwili 34E4 iliyotengenezwa makusudi. Laisini moja kwenye mfuko mkavu ilitosha. Kwa hiyo ongezeko la kasi peke yake halithibitishi kwamba hali ya mpito imeshikwa kwa usahihi.

Mmenyuko huohuo wa Kemp ndio ulioonyesha njia ya pili, ya kuchagua kwa kasi yenyewe, inafika wapi. Kundi la David Baker lilisanifu vimeng'enya vyake kwa kompyuta mwaka 2008. Baadaye kundi la Hilvert lilichukua kimeng'enya kingine kilichosanifiwa kwa njia hiyo, HG3, na kukiboresha maabara kwa mizunguko 17, kila mzunguko ukipima kasi na si nguvu ya kushika. HG3.17, iliyochapishwa mwaka 2013, hubadilisha takriban molekuli 700 kwa sekunde. 34E4 haifikishi hata moja. Ukitazama muundo wake, asidi amino aspateti iko moja kwa moja mbele ya protoni inayopaswa kung'olewa, na upande wa pili nyingine, glutamini, imesogea kuipokea chaji hasi inayojitokeza kwenye oksijeni. Glutamini hiyo haikuwa kwenye usanifu wa awali. Ililetwa na mizunguko ya kupima kasi.