Pembe zisizokutana: dhana potofu kuhusu kuunga vipande na kushona kwilti

Kwilti ni blanketi la matabaka matatu: juu vipande vya kitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini kitambaa kizima, kisha mishono inayopenya matabaka yote na kuyashika pamoja. Wengine huliita mfarishi. Mabaki ya vitenge yanayojaa magunia kwenye vibanda vya mafundi yanatosha kabisa kuishona, na cherehani uliyonayo huenda inatosha pia. Kinachowakatisha tamaa wanaoanza ni kwamba pembe za vipande hazikutani. Hata fundi wa magauni wa miaka mingi hushangaa, maana gauni husamehe: likizidi nusu sentimita kiunoni, mvaaji hajui. Kwilti hulimbikiza kila kosa na kulitoa hadharani mwishoni. Mara nyingi tatizo si macho wala mkono, bali ni mambo machache yanayoaminika kumbe sivyo.

Dhana: Nafasi ya mshono ikikaribia robo inchi, inatosha

Nafasi ya mshono ni upana wa kitambaa kati ya mshono na ukingo. Tuhesabu. Umekata miraba ya inchi 6½ ili kila mmoja ubaki inchi 6 baada ya kushonwa. Mstari mmoja una miraba 12, kwa hiyo una mishono 11. Ukizidisha nafasi ya mshono kwa milimita 1 tu, kila mshono unakula milimita 2, kwa sababu vipande viwili vinaingia humo. Mara 11 ni milimita 22, karibu inchi nzima.

Kosa hilo likijirudia vilevile kwenye kila mstari, hutaliona. Kwilti itatoka fupi kidogo, basi. Balaa huanza mstari wa miraba 12 unapowekwa kando ya mstari wa vipande 6 vikubwa. Huu wenye mishono 5 umepoteza milimita 10, ule wa mishono 11 umepoteza 22. Milimita 12 za tofauti haziwezi kuvutwavutwa zikaisha. Ukizivuta, kitambaa kinafanya mawimbi ambayo pasi haitayaondoa.

Tena robo inchi kamili yenyewe imezidi. Mshono unapolazwa kando kwa pasi, mkunjo wa kitambaa na unene wa uzi hula nafasi kidogo. Kwa hiyo shona robo inchi kasoro upana wa nyuzi moja au mbili za kitambaa.

Usikisie, jaribu. Kata vipande vitatu vya upana wa inchi 1½ na urefu wa inchi 5. Viunge kwa urefu, vipige pasi, halafu pima kile cha katikati kwa rula ngumu. Kiwe inchi 1 kamili, na upana wote inchi 3½. Cha katikati kikipungua milimita 2, maana yake kila mshono umekula milimita 1 zaidi. Sogeza mwongozo, yaani alama ya kuegemeza kitambaa (tazama dhana inayofuata), shona vitatu vingine, upime tena. Dakika kumi za jaribio hili zina faida kuliko wiki nzima ya kufumua. Na futi ya kitambaa iweke kando kwa kazi hii. Futi iliyotumika sana imevutika, haisemi kweli tena.

Dhana: Ukingo wa mguu wa cherehani ndio robo inchi

Mguu ni kile chuma kinachokandamiza kitambaa chini ya sindano. Kwa baadhi ya miguu, ndiyo. Mguu mwembamba unaokuja na cherehani nyingi za zamani za mshono mnyoofu haukutengenezwa kwa kipimo hicho, na mguu wa zigizaga mara nyingi ni mpana mno. Weka rula chini ya sindano, zungusha gurudumu kwa mkono hadi ncha iguse ndani kidogo ya alama ya robo inchi, kisha bandika vipande vitano au sita vya utepe wa karatasi, kimoja juu ya kingine, kandokando ya rula. Utapata kaukuta kadogo ka kuegemeza kitambaa. Utepe usifunike meno yanayovuta kitambaa kutoka chini. Uanzie mbele ya mguu, upande wako, kwa sababu jicho linatakiwa kutazama mwongozo kabla kitambaa hakijafika kwenye sindano. Anayeitazama sindano hugundua kosa likiwa limeshashonwa.

Dhana: Bila cherehani ya kisasa ya umeme huwezi kupata usahihi

Hili linawaumiza watu wengi bure. Cherehani nyeusi ya kukanyaga, Singer au Butterfly, hushona mshono mnyoofu tu, na tundu la bamba lake la sindano ni dogo. Tundu dogo ni faida: kitambaa hakina pa kuzama, na mshono unanyooka kuliko wa mashine yenye tundu pana la zigizaga. Marekani hadi leo washonaji wa kwilti wanaitafuta Singer 221, mashine ndogo iliyoanza kuuzwa 1933, kwa ajili ya mshono huohuo mnyoofu. Cherehani ya kukanyaga pia hukuruhusu kushona hatua moja ya sindano ukasimama, jambo linalosaidia sana pale pembe mbili zinapokutana.

Inachohitaji ni matunzo. Mkanda ukilegea, mwendo unakuwa wa kusitasita. Sindano butu huvuta nyuzi za kitambaa. Badilisha baada ya saa nane hivi za kushona. Kwa kuunga vipande tumia namba 12, kwa kushona matabaka namba 14. Urefu wa mshono wa kuunga uwe milimita 2 hadi 2.5; kwenye mashine zinazohesabu mishono kwa inchi, ni 10 hadi 12. Na kama cherehani inameza pembe ya kipande kila unapoanza, anza juu ya kitambaa chakavu kilichokunjwa mara mbili, kisha pitiliza moja kwa moja hadi kwenye kipande chako bila kukata uzi.

Dhana: Kosa likiingia wakati wa kukata, litarekebishwa wakati wa kushona

Halirekebishiki. Kifaa si hoja kubwa: kisu cha gurudumu pamoja na rula na mkeka wake ni chepesi kutumia na huwa sahihi, lakini mkasi mkali na kiolezo kizuri vinafanya kazi. Tatizo la mkasi liko kwenye kiolezo. Kadibodi hulika pembeni kila chaki inapopita, na mraba wa hamsini si sawa na wa kwanza. Tumia plastiki ngumu, kwa mfano filamu ya zamani ya eksirei. Chaki iwe imechongwa. Mstari mnene wa chaki peke yake ni milimita 2. Amua kukata ndani ya mstari, usibadilishe katikati ya kazi.

Kitambaa nacho kina mwelekeo. Ukikata sambamba na mtande au mshindio, yaani nyuzi za urefu au za upana, kingo hukaa. Ukikata mshazari, kingo hutanuka hata kwa kushikwa tu. Kanga inadanganya hapa: pindo na mji wake vinaweza kuwa vimechapwa bila kulingana na nyuzi, kwa hiyo anayefuata mchoro hukata mshazari bila kujua. Chomoa uzi mmoja kutoka ukingoni, ufuate njia unayoiacha, hapo ndipo pa kukata. Ukitaka lile jina la kanga lionekane limenyooka kwenye kipande na nyuzi hazikubali, chagua jina, lakini kitie wanga kipande hicho kabla ya kukikata.

Kitenge kipya kina gundi ya kiwandani inayokifanya kisimame. Kifue kwanza. Kikiungwa bila kufuliwa na kingine kilichokwisha kufuliwa, siku ya kwanza ya kufuliwa kimoja kitarudi, yaani kitasinyaa, na kingine kitabaki. Nyekundu na buluu iliyokolea zijaribu: lowesha kona, ikandamize kwenye kitambaa cheupe kwa pasi. Rangi ikihamia, fua tena mpaka iache.

Dhana: Kupiga pasi ni kupiga pasi

Shati hupigwa kwa kuisukuma pasi huku na huku. Kipande cha kwilti ukikifanyia hivyo kinapinda kama upinde. Hapa pasi inawekwa na kuinuliwa, inawekwa na kuinuliwa. Kwanza juu ya mshono kabla hujaufungua, ili uzi uzame kwenye kitambaa. Halafu fungua kwa kidole, laza nafasi ya mshono upande wa rangi iliyokolea, uweke pasi tena kwa upande wa juu. Mvuke utumie kidogo.

Kuna siri hapa inayopatanisha pembe kuliko pini yoyote. Mstari wa kwanza laza mishono yote kulia, wa pili yote kushoto, wa tatu kulia. Unapokutanisha mistari miwili, vinundu vya mishono vinatazamana pande tofauti na kujifunga kimoja kwenye kingine. Visugue kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada: vikiwa havijakaa utahisi ngazi ndogo, vikikaa ngazi inatoweka. Tia pini hapo, pande zote mbili za mshono, na uitoe kabla sindano haijaifikia.

Dhana: Pindo la nje shona kwanza, kinachozidi ukate

Ndivyo mapindo yanavyotoka na mawimbi. Kingo za kwilti zimeshikwashikwa, zimetanuka, na ukanda mrefu unaoshonewa juu yake unaufuata utanuko huo. Pima kwilti katikati, kutoka juu hadi chini, katika sehemu tatu, uchukue wastani. Kata kanda mbili za urefu huo hasa. Weka alama kwenye nusu na robo za ukanda, na nusu na robo za ukingo, vikutanishe kwa pini, ugawe ziada kidogokidogo. Kisha pima upana, pamoja na kanda ulizokwisha kuziweka, ufanye vilevile.

Dhana: Kila kwilti lazima ianzie katikati

Kwa cherehani, unaposhona matabaka yote pamoja, hilo ni kweli. Mguu unakandamiza tabaka la juu na kulisukuma mbele, huku meno yakivuta la chini. Ukianza kingoni kuelekea ndani, kitambaa kinachosukumwa kinakusanyika katikati na kukunjika, hakina pa kutokea. Anza katikati, kitokee nje.

Lakini si sheria ya kwilti zote. Wasidi wa Karnataka, India, ni uzao wa Waafrika waliopelekwa huko enzi za Wareno wa Goa, wengine wao asili yao ni upande wetu huu wa mashariki. Wanawake wao hushona kwa mkono blanketi ziitwazo kawandi. Huanzia kingoni, hukunja makali ya kila kiraka ndani, hukishonea juu ya kitambaa cha chini na kuzunguka hadi katikati. Kwenye pembe nne huweka vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, yaani maua. Hakuna robo inchi popote, na kazi yao ni nzuri mno. Mkono unalaza kila kiraka unapokifikia, kwa hiyo hakuna kinachosukumwa. Anayechoka na rula anaweza kuifuata njia hiyo bila kujiona ameshindwa.

Kwa cherehani, tandaza kitambaa cha chini kwenye sakafu, upande mzuri chini, kizidi tabaka la juu kwa inchi 3 hivi kila upande, na ukishike kwa utepe kikiwa kimenyooka bila kuvutwa. Weka pamba, kisha tabaka la juu. Funga pini za nepi kila baada ya sentimita 10, yaani popote utakapolaza kiganja kiguse pini. Legeza skrubu ya juu inayokandamiza mguu, urefushe mshono hadi milimita 3, upitie kwanza mishono mirefu ya katikati. Ukiweza kupata mguu wenye meno yake, ule unaotembea na tabaka la juu sambamba na la chini, ununue kabla ya kifaa kingine chochote.

Dhana: Kwenye kushona kwa kuchora, enda polepole upate mishono mizuri

Hapa meno yameshushwa au kufunikwa, umefunga mguu wa kutililia, ule wa kushonea matundu ya nguo, na mikono yako ndiyo inayosogeza kitambaa. Urefu wa mshono unatokana na uwiano wa vitu viwili: mwendo wa sindano na mwendo wa mikono. Anayekanyaga polepole mikono yake hurukaruka, na mishono hutoka mirefu kwa mifupi. Kanyaga kwa mwendo wa wastani usiobadilika, mikono ndiyo iende taratibu. Anza na kipande cha inchi 12 kwa 12 chenye matabaka yote, si kwenye kwilti yenyewe.

Kwenye kona mikono huongeza mwendo bila mwenyewe kujua. Geuza kazi: ukiona vijiuzi vimesimama kama kope kwenye kona tu, huo ndio ugonjwa. Punguza mikono kwenye kona, ukaze uzi wa juu kidogo.

Dhana: Uzi ukijazana chini, mbovu ni bobini

Karibu kila mara mbovu ni uzi wa juu. Umepitishwa mguu ukiwa chini, kwa hiyo haukuingia kati ya visahani vya mkazo, au umesahau kushusha kishikio cha mguu. Mguu wa kutililia hukaa kama umeelea, hivyo kishikio husahaulika kirahisi. Kabla ya kugusa skrubu ya bobini, inua mguu, toa uzi wote wa juu, upitishe upya. Kisha vuta uzi karibu na sindano mara mbili: mguu ukiwa juu uteleze, mguu ukiwa chini ukaze hadi sindano ipinde kidogo. Ukiteleza mara zote mbili, bado haujaingia.