Pete zilizofunga: upasuaji wa trakea nyembamba kwa mtoto mchanga

Trakea ni bomba la hewa linaloelekea mapafuni; pete zake za gegedu kwa kawaida zina umbo la herufi C. Kwa nyuma, inapopakana na umio, kuna utando laini unaotanuka. Mara chache sana mtoto huzaliwa na pete zilizofunga duara zima. Utando haupo, na bomba huwa jembamba. Mtoto anapumua kwa mkwaruzo, mbavu zinabonyea, ananyonya kidogo na kuachia ziwa ili apate pumzi.

Trakea ya mtoto mchanga ina kipenyo cha milimita 4 hadi 5 hivi. Kipenyo kikipungua kwa nusu, ukinzani wa hewa hupanda mara 16, tena hewa ikiwa inapita kwa utulivu. Akilia ni zaidi. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa dawa ya usingizi: mpira wa kupumulia ukigoma kupita, msiulazimishe. Uacheni juu ya sehemu nyembamba. Mchubuko mdogo ukivimba hapo, mtoto aliyekuja akihema kwa shida anaweza kuziba kabisa. Hata bronkoskopi, yaani kamera ya kutazama ndani ya njia ya hewa, mimi huisimamisha papo hapo, kilicho chini nikakitazama kwa CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka. Picha hiyo, pamoja na ekokadiogramu (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti), huonyesha pia kama ateri ya pafu la kushoto imepita nyuma ya trakea. Kasoro hizo mbili huandamana mara nyingi, na tunazirekebisha kwa upasuaji mmoja.

Zamani trakea ilipasuliwa mbele na kutiwa kiraka cha utando unaofunika moyo, au cha gegedu la ubavu. Kero yake ilikuwa nyama zinazoota ndani ya njia. Mwaka 1989 Tsang, Goldstraw na wenzao walieleza njia ya kutelezesha, na ndiyo ninayoitumia. Mashine ya moyo na mapafu ikishika kazi, trakea hukatwa katikati ya sehemu nyembamba. Kipande kimoja hupasuliwa kwa urefu upande wa mbele, kingine nyuma, kisha vinatelezeshwa kimoja juu ya kingine na kushonwa kwa mshazari. Sehemu ile inafupika kwa nusu, mzingo unakuwa maradufu, na nafasi ya hewa inafika karibu mara nne. Ukuta wote ni trakea yake mwenyewe, kwa hiyo inakua naye.

Baadaye mshono unaweza kubonyea kwa ndani, na wengine huhitaji kutanuliwa kwa puto.

Mwenye dalili hafifu, anayenyonya na kuongezeka uzito, simpasui; namfuatilia tu, maana pete hizo nazo hukua. Wazazi waliokwisha kuiona picha ya CT hawaniamini upesi.