Ada ya kumwona daktari inakwenda kwa nani

Ada ya kumwona daktari ni kiasi ambacho hospitali humtoza mgonjwa ili aonwe na daktari: asikilizwe, aguswe panapouma, aandikiwe vipimo, arudi na majibu, apewe maelekezo ya dawa. Anayetoza ni hospitali na anayepokea ni hospitali. Maana yake ni hiyo tu. Ninaandika kwa sababu ya yale yanayosemwa juu ya ada hiyo. Jina lake limebeba neno "daktari", basi watu wengi wanaamini kwamba pesa hiyo inaishia mfukoni kwa daktari.

Huduma ya hospitali ya umma ikilalamikiwa, iwe kwenye daladala, iwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hakosi mtu wa kusema: "Na hela yao tumeshawalipa." Kisha anapiga hesabu. Tuseme ametoa elfu kumi dirishani, na nje ya chumba cha daktari wamepangana watu sitini. Sitini mara elfu kumi ni laki sita. Kwa hiyo daktari yule, anasema, anaondoka na laki sita kila jioni, halafu anamwona mtu kwa dakika nne na bado anadai posho.

Kuzidisha kwake hakuna kosa. Kosa lipo katika kumtaja anayepokea, na likishakaa kichwani linazaa makosa mengine mengi.

Tuifuate pesa yenyewe katika hospitali ya umma ya Tanzania. Unafika mapokezi, unafungua faili au linatafutwa la zamani, unapewa kumbukumbu namba ya malipo. Unalipa kwa simu, kwa wakala au benki. Pesa inapita kwenye mfumo wa malipo wa serikali na kuingia akaunti ya hospitali, ikiandikwa kuwa ni mapato ya ndani. Daktari chumbani haigusi wala haihesabu. Anachokiona ni jina lako kwenye orodha ya wanaosubiri. Ukirudi siku hiyo hiyo na majibu ya maabara, hospitali nyingi hazikutozi ada ya pili, na yeye hakosi chochote kwa kukuona mara mbili.

Mapato hayo ya ndani yana kazi nyingi zinazoyasubiri. Bohari ya Dawa ikikosa kitu kilichoagizwa, hospitali inatakiwa ikanunue kwingine, na fedha inatoka humo. Vitendanishi vya maabara, glovu, umeme, maji, mafuta ya jenereta na ya gari la wagonjwa, usafi, ulinzi, kitanda kilichovunjika: yote hayo yanagombea kapu hilo hilo. Ukikuta maabara inafanya kazi siku umeme umekatika, ada yako huenda imo ndani ya lile pipa la dizeli.

Mshahara wa daktari aliyeajiriwa na serikali unatoka kwingine kabisa. Unalipwa na Hazina kwa orodha ya mishahara ya watumishi wa umma, kwa ngazi inayojulikana. Daktari anayeanza kazi huingia TGHS E, moja ya ngazi za mishahara ya watumishi wa afya serikalini, na hupanda kwa kupandishwa daraja kama watumishi wengine. Akiona wagonjwa sitini, mshahara ni ule ule. Akiona sita kwa sababu mvua imekata barabara, ni ule ule. Kenya utaratibu unafanana kwa msingi, ila tangu ugatuzi wa 2013 mwajiri wa madaktari wengi ni serikali ya kaunti.

Hili lilikuwa hivyo tangu ada ilipoanzishwa, na hapa ndipo ningependa watu wakae kidogo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika vituo vya serikali Tanzania yalikuwa bure, na mwaka 1977 sheria ikazuia hospitali binafsi za kibiashara. Miaka ya themanini uchumi ukayumba na serikali ikashindwa kujaza rafu za dawa. Hospitali binafsi zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 ukaanza uchangiaji wa gharama, kwanza katika hospitali za rufaa, kisha ukateremka ngazi kwa ngazi. Kenya walitangulia Desemba 1989, wakasitisha 1990, wakarudisha miaka michache baadaye, na mwaka 2013 wakaiondoa ada katika zahanati na vituo vya afya vya umma.

Uchangiaji, kwa jinsi ulivyopangwa, ulimaanisha kwamba serikali inaendelea kubeba mzigo mkubwa na mgonjwa anaongezea. Majengo yalibaki kwa serikali. Mishahara ilibaki kwa serikali. Pengo lililokuwa likizibwa na mgonjwa ni la dawa, vifaa na uendeshaji wa kila siku. Kwa hiyo bei ya dirishani haikuwahi kukokotolewa kwa kuangalia mshahara wa daktari. Kama ingekokotolewa hivyo, watu wengi wangeitazama na kurudi nyumbani. Mzazi anayelipa ada ya shule hasemi kwamba amemlipa mwalimu wa hesabu. Neno ni lile lile, na huko tunalielewa vizuri.

Sasa nitaje mahali ambapo mambo yanachanganyika kweli, maana wapo watakaosema madaktari nao hupata kitu kutoka kwenye mapato ya ndani ya hospitali. Ni kweli, hupata, kwa njia tatu ninazozijua.

Kwanza ni posho ya kuitwa kazini. Daktari aliye zamu ya usiku na mwisho wa wiki, anayeamshwa saa tisa kwa ajili ya mama aliyeshindwa kujifungua, anastahili posho, na hospitali nyingi huilipa kutoka mapato ya ndani. Mapato yakishuka, posho inachelewa, na wakati mwingine inalimbikizwa kwa miezi. Pili ni madaktari wa mkataba. Vyuo vinatoa madaktari wengi kuliko nafasi za ajira zinazotangazwa, hivyo hospitali nyingine huwachukua kwa mkataba na kuwalipa yenyewe. Daktari wa aina hiyo ndiye pekee ambaye unaweza kusema kwa haki kwamba mshahara wake unatoka dirisha la malipo, na mara nyingi analipwa kidogo kuliko mwenzake wa meza ya jirani. Tatu ni kliniki za kulipia ndani ya hospitali za umma, zile za jioni au za haraka. Muhimbili wana utaratibu huo, unaoitwa IPPM, ambapo mtaalamu hupata sehemu ya kilicholipwa.

Lakini katika njia zote tatu, hospitali ndiyo inayokusanya kwanza, ndipo inamlipa daktari kwa utaratibu wake. Posho inahesabiwa kwa zamu, mkataba kwa mwezi, kliniki ya kulipia kwa mgawo uliokubaliwa. Hakuna mahali ambapo elfu kumi yako inatembea moja kwa moja kutoka kwako hadi kwa yule aliyekaa mbele yako.

Hospitali binafsi ni habari nyingine, na ndiko chanzo cha mkanganyiko mwingi, maana watu wanachukua walichokiona huko na kukipeleka kwenye hospitali ya wilaya. Binafsi kuna daktari mwajiriwa wa mshahara kama mtu yeyote wa ofisini. Kuna bingwa anayekuja siku mbili kwa wiki, ambaye analipwa kwa kipindi au kwa asilimia ya ada ya kila mgonjwa. Huyo wa asilimia, ndiyo, kila anayeingia chumbani anamuongezea kitu. Na kuna daktari mwenye kliniki yake, ambaye ada yote ni yake kabla hajalipa pango, wauguzi, mtu wa maabara na leseni. Anayesema "daktari ananiandikia vipimo vingi ili apate hela" angeuliza kwanza yuko kwa yupi kati ya hawa. Kwa mwajiriwa wa serikali mwenye mshahara usiobadilika, tuhuma hiyo haina mguu wa kusimamia.

Bima inazidisha ukungu. Mtumishi wa umma akikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza 3, michango hiyo inakwenda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Mfuko unailipa hospitali kwa kila huduma kulingana na kitita chake cha bei. Ndani ya kitita hicho imo ada ya kumwona daktari, na ya bingwa si sawa na ya daktari wa kawaida. Watu wakisikia hivyo hudhani bingwa anatumiwa tofauti yake. Hatumiwi. Mvutano wa Machi 2024 juu ya kitita kipya ulikuwa kati ya Mfuko na wamiliki wa hospitali binafsi, kwa sababu hao ndio wanaolipwa.

Angalia pia migomo. Mwaka 2012 madaktari wa Tanzania walipogoma, walidai mshahara wa kuanzia wa shilingi milioni 3.5 kwa mwezi, posho ya kuitwa kazini, posho ya mazingira hatarishi, nyumba na bima. Kenya, Machi 2024, mgomo ulioendelea hadi Mei ulitawaliwa na malipo ya madaktari wanaofanya mafunzo kwa vitendo: serikali ikisema shilingi 70,000 za Kenya kwa mwezi, chama chao kikishikilia zaidi ya 206,000 za makubaliano ya awali. Mara zote mbili aliyedaiwa alikuwa serikali. Lau ada ya dirishani ingekuwa mali ya daktari, asingekuwa na haja ya kugoma. Angepanga bei yake mwenyewe.

Kinachoniuma zaidi katika kosa hili ni yanayowapata wenye msamaha. Sera ya Tanzania inawasamehe ada wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa kifua kikuu, ukoma na UKIMWI, pamoja na wengine. Mzee aliyepita dirisha la wazee akaingia bila kulipa anakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba. Haulizi swali la pili. Hasemi kwamba dawa ya mwezi uliopita ilimletea kizunguzungu. Anaona aibu, kwa sababu anaamini kwamba daktari aliye mbele yake anamhudumia bure. Wapo wanaotamka kabisa: "Samahani, mwanangu, mimi sijalipa."

Mzee wangu, daktari huyo analipwa kwa ajili yako sawasawa na kwa ajili ya yule aliyetoa elfu kumi. Msamaha wako haukutoka kwenye mshahara wake. Aliyepoteza ni kapu la hospitali, na hilo ni tatizo la kweli, kwa kuwa kwa kawaida hakuna anayeirudishia hospitali pesa iliyosamehewa. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Lakini deni hilo si lako kulibeba chumbani kwa daktari. Uliza swali la pili, na la tatu.

Upande wa pili wa kosa hilo hilo ni pesa ya mkononi. Mtu akishaamini kwamba daktari hulipwa na mgonjwa, hashtuki anapoambiwa kwamba ya dirishani ni ya hospitali na "ya daktari" bado. Analipa, tena kwa shukrani. Ada ina kumbukumbu namba na risiti. Posho ina orodha na saini, na mgonjwa haioni. Pesa inayotolewa chumbani bila risiti haimo katika hayo mawili, na jina lake ni rushwa, hata ikiombwa kwa sauti ya upole na mtu aliyechoka.

Sisemi madaktari wasilaumiwe. Dakika nne ni chache, na mgonjwa aliyekatwa kauli ana haki ya kulalamika kwa mganga mfawidhi. Ila alalamike kwa haki yake ya kuhudumiwa, aliyonayo hata aliyesamehewa ada, na haja ya kutaja elfu kumi haipo. Swali la elfu kumi nalo ni halali. Liulizwe kwa kamati ya usimamizi wa kituo au bodi ya afya ya halmashauri, ambako wamo wawakilishi wa wananchi na ambako hesabu za mapato ya ndani zinapaswa kusomwa: zilikusanywa ngapi, zimenunua nini, kwa nini duka la dawa la hospitali bado halina dawa ya presha.

Kwa hiyo jirani yako akisema amemlipa daktari elfu kumi, mwambie taratibu kwamba ameilipa hospitali, na kama anataka kujua pesa imefanya nini, kamati ya kituo ina mwakilishi wa mtaa wake.