Saa laki moja za boila: usiamini hesabu kabla hujajua joto la chuma

Kila tukizima boila kwa matengenezo kuna mtu atakuja na swali lilelile, "fundi, hii heda imebakiza miaka mingapi?", anataka namba moja aiweke kwenye ripoti. Namuelewa, kubadilisha heda ya supahita (lile bomba nene linalokusanya stimu, yaani mvuke, toka mabomba yanayoupasha moto zaidi) ni hela nyingi na mtambo unalala wiki kadhaa. Ila hiyo namba ukiitoa bila kujua joto la chuma chenyewe unahatarisha watu.

Iko hivi, chuma kikikaa kwenye nyuzi 500 na kitu za selsiasi huku stimu inakisukuma toka ndani, kinavutika polepole hata kama presha haijawahi kuzidi, sisi tunaita kripi. Mabomba mengi yalipigiwa hesabu ya saa 100,000, yaani miaka 11 na miezi kadhaa bila kuzima. Wengi wanadhani zikiisha bomba limekufa na kabla ya hapo liko salama, yote mawili si kweli.

Fomula ya Larson na Miller ya mwaka 1952 tunaitumia mpaka leo: logi (logarithimu) ya saa ambazo bomba litadumu jumlisha 20, zidisha kwa joto la kelvini (selsiasi jumlisha 273). Presha ikiwa ileile jibu halibadiliki, kwa hiyo joto likipanda saa zinashuka. Chukua bomba la saa 100,000 kwenye nyuzi 540, lipandishe nyuzi 10 tu, presha ileile, unabaki na kama 50,000. Pandisha 10 zingine, 25,000. Nyuzi 10 jamani! Na thamokapo (vipima joto) nyingi zinapima stimu inayotoka, hazigusi chuma kilichoko motoni.

Ndo maana naanzia ndani ya bomba. Stimu inaacha gamba jeusi la oksidi, gamba linazuia joto lisipite kwenda kwenye stimu, chuma kinazidi kuchemka, gamba nalo linakua. Ukipima unene wake kwa altrasoniki (mawimbi ya sauti) na unajua saa zilizotembea, unakadiria joto ambalo bomba limeishi nalo, labda gamba liwe limebanduka, hapo kipimo kitakudanganya.

Afu weldi, pale chuma kilipounganishwa kwa kuchomelea. Mwaka 1985 kituo cha Mohave kule Nevada, Marekani, bomba la stimu ya rihita (stimu iliyorudishwa kwenye boila kupashwa moto tena) lilipasuka kwenye weldi inayokwenda kwa urefu wa bomba, watu 6 wakafa. Kwenye weldi napiga msasa mpaka paanze kung'aa kama kioo, napaka asidi ya naitriki iliyochanganywa na spiriti, nang'arisha tena, napaka tena, narudia, maana natafuta vishimo vidogo sana ambavyo kripi inaacha ndani ya chuma, na msasa unaburuta chuma juu yake unavifukia na ukifanya mara moja tu utaandika "safi" wakati si safi. Kisha nalainisha kipande cha plastiki kwa asetoni, nakibandika hapo kichukue alama za vishimo, kikikauka nakibandua na kukiweka kwenye hadubini.

Vishimo vikiwa kimoja kimoja, endelea kuangalia. Vikijipanga mstari kwenye mipaka ya punje ndogondogo zinazounda chuma, napanga tarehe ya kurudi na hiyo tarehe haisogezwi. Vikishikana kuwa nyufa, muda uliobaki ni wa kuandaa matengenezo.

Kuna mtambo mmoja niliambiwa niache weldi, muda hamna, nipime mabomba tu. Nilikataa nikaomba saa mbili. Pembeni mwa weldi, kwenye ule ukanda ulioungua wakati wa kuchomelea, vishimo vilikuwa vimeshaungana. Hesabu ya karatasini ilikuwa inasema miaka minane.